Jirani wa Mashine Moja

Kwenye nyumba aliyopanga walimwita Serikali. Cheo hakuwa nacho. Alikuwa akifanya kazi katika kile kiwanda kipya cha serikali, cha chipu, basi jina likamganda. Umeme ukikatika, mpangaji wa chumba cha kona hupaza sauti uani, "Serikali, huko kwenu wamesemaje?"

Naye hujibu kutoka ndani, "Wamesema mlale."

Watu hucheka. Kicheko kikiisha, kila mtu huingia kwake akafunga mlango, na Serikali hubaki na sufuria yake moja na sahani yake moja. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mjane, na mwanawe wa pekee alikuwa mbali, wa kupiga simu akikumbuka.

Kiwanda chenyewe kilijengwa kwa fahari. Siku ya kukifungua, waziri alisema, redio ikimrusha moja kwa moja, kwamba chipu ndiyo akili ya simu, ya gari, hata ya mashine za hospitali, na nchi imechoka kungojea akili yake iletwe na meli. Watu walipiga makofi. Serikali naye alipiga, maana siku ile alikuwa amesimama pale pale, mbele, kwenye safu ya walioajiriwa.

Adui wa kazi ile ni vumbi. Punje usiyoweza kuiona kwa macho inatosha kuharibu kazi ya wiki nzima. Kwa hiyo kabla ya kuingia unavaa vazi jeupe kuanzia utosini hadi nyayoni, kofia inayofunika nywele na shingo, barakoa, glavu, na buti za kitambaa. Hubaki macho tu. Mafuta ya kujipaka hakuna, poda hakuna, marashi hakuna, wanja ndiyo usiseme. Unaingia mkavu kama chaki.

Humo ndani Serikali alikuwa na mtu. Walikaa wawili kwenye mashine moja ya kukagua visahani, vile vyembamba vinavyong'aa kama kioo, ambavyo baadaye hukatwakatwa kuwa chipu. Mwenzake alimwita Jirani, naye akamwita Jirani vilevile. Kiwanda kizima ndivyo walivyoitana, aliye karibu nawe ni jirani yako, basi. Mashine ile haiachwi peke yake, kwa hiyo mmoja akienda kula, mwingine hubaki. Kuingia na kutoka pia ni kwa zamu, ili watu wasirundikane mlangoni wakatimua vumbi. Jirani aliingia mapema akatoka mapema, akapanda basi la upande wa pili wa mji.

Miaka miwili walikaa hivyo. Serikali alijua paa la Jirani linavuja upande gani. Alijua mume wake anakoroma kama trekta, na binti yao amegoma shule kwa sababu ya mwalimu mmoja mwenye mdomo. Yote hayo yalisemwa kwa kupaza sauti kupitia barakoa, feni za darini zikivuma juu yao mpaka sauti zote zikafanana. Sura yake hakuijua, wala jina.

Mwanzoni alitaka kumwomba namba ya simu, akaona ni mapema mno. Baadaye akaona amechelewa. Mtu uliyekwisha kumsikiliza akilia habari za mume wake, unamwambiaje, samahani, unaitwa nani?

Kisha serikali ikajenga kiwanda cha pili, mbali, cha kukata visahani na kufungasha chipu, ili visisafirishwe tena ng'ambo kwa kazi hiyo. Waziri akasema tena redioni. Mafundi kadhaa wakachaguliwa kuhamia huko, na Jirani akawamo.

"Ijumaa kuna chai ya kutuaga kantini," Jirani alisema siku yao ya mwisho, macho yakimcheka. "Njoo tuagane uso kwa uso. Nikuone hilo domo lako kubwa."

"Utalikimbia," Serikali akasema.

Ijumaa hiyo aliomba ruhusa. Alivaa gauni lake zuri, akajipaka mafuta mpaka mikono ikang'aa, akapaka wanja, kwa mkono uliokwisha kusahau. Alitaka mwenzake amwone kama mtu.

Kantini ilijaa. Wanaohama walikwisha kurudisha vitambulisho, wamevaa nguo za safari. Serikali alisimama mlangoni akitafuta macho. Alikuwa na hakika nayo, macho yale angeyajua hata gizani. Lakini wanawake wote wa safari, kwa kuwa siku hiyo hawakuingia kazini, walikuwa wamejipamba kama yeye. Wanja kila mahali, nyusi zimechorwa, poda, marashi yaliyokaba koo. Macho aliyoyazoea hayakuwapo. Ndipo akakumbuka na wanja wake mwenyewe. Alijifuta kwa kiganja, ukasambaa.

"Jirani," aliita.

Wakageuka wanawake wengi kwa pamoja, kisha wakacheka wenyewe kwa wenyewe, wakarudi kwenye chai.

Alimfuata mmoja mnene mwenye kicheko. "Binti yako amerudi shule?"

"Binti? Mimi nina madume matupu, dada yangu. Kama una binti wa kunipa, lete."

Meza ile ikaangua kicheko. Serikali alicheka nao ili aibu yake isionekane, akasogea kwa msimamizi, aliyekuwa akihesabu vikombe. "Yule tuliyekuwa naye mashine moja, ni yupi?"

Msimamizi akamkazia macho. "Miaka miwili mashine moja, humjui? Basi nyinyi mlikuwa mnafanya kazi kweli." Kabla hajasema zaidi, dereva akapiga honi, naye akakimbilia nje kupanga mizigo.

Watu walitoka kwa kusukumana. Serikali alikwenda na msukumano huo hadi penye basi. Hapo aliinua mkono, akaupunga, bila kujua anampungia nani.

Madirishani mikono mitatu ilimjibu. Mmoja ulikuwa wa kijana mwanamke, mmoja wa mama mwenye miwani, mmoja wa mtu ambaye uso wake ulizibwa na pazia. Basi likaondoka. Alisimama pale mpaka mlinzi akamwambia, "Mama, lango linafungwa."

Nyumbani walimwuliza vipi sherehe ya serikali. Akasema chai ilikuwa na sukari nyingi.

Jumatatu walimletea msichana mpya wa kufundishwa kazi. Siku ya kwanza mgeni huingia pamoja na mwenyeji wake, basi walikuwa wawili tu katika chumba cha kuvalia. Msichana alikwisha kunyanyua kofia.

"Usivae kwanza," Serikali alisema.

"Nimekosea, mama?"

"Hujakosea. Geuka huku."

Msichana akageuka. Ulikuwa uso wa kawaida, kovu dogo kidevuni, midomo iliyokauka kwa kukosa mafuta. Serikali aliutazama mpaka msichana akaona haya, akainamisha kichwa.

"Unaitwa nani?"

Akataja jina lake, la baba yake, na la babu yake, kama mtu aliye mbele ya karani.

Serikali akavua barakoa aliyokuwa amekwisha kuivaa. "Na mimi nitazame," alisema. Msichana alimtupia jicho mara moja, akaitikia kwa kichwa kwa heshima, akavuta kofia yake. Wakaingia ndani.