Taka za Mvua na Ukuta wa Mama

Wajomba zangu walisema sitajenga. Nilipojenga, walisema sitaezeka. Nilipoezeka, tena kwa bati la rangi, walibaki na neno moja, nalo walilisema kule Mgeta mbele ya mama yangu: "Jenga utakavyo, lakini dada yetu hatakaa mjini. Masika moja tu atarudi." Kwetu Uluguru mtoto ni wa upande wa mama, na neno la mjomba lina uzito. Nilimchukua mama.

Mimi si mtu wa kubahatisha. Niliondoka Morogoro na begi moja, nikabeba zege Gaborone, nikasoma baada ya kazi, nikarudi na stashahada ya ujenzi. Nyumba yangu iko upande wa Kilakala, pale ardhi inapoanza kuinuka kuelekea mlimani. Niliichora mwenyewe na kusimamia msingi mwenyewe. Chini ya kuta nililaza nailoni nzito ya kuzuia unyevu, wakati wenzangu wanapanga tofali juu ya udongo mtupu. Juu ya kila dirisha kuna matundu ya hewa. Anayetaka kuja kujifunza aje, sitamtoza.

Mama alishuka kutoka Mgeta kwa fuso la karoti, amekaa mbele na dereva. Nilimpa chumba cha nyuma kinachotazama mlima, kwa sababu alisema akiamka bila kuuona atadhani amekufa.

Masika yalipokolea, chumba kile kikaanza kunuka. Kanga zake zilitoka sandukuni na harufu ya gunia lililolala kwenye maji. Halafu nyuma ya kabati likatokea doa la kijani. Likawa jeusi, likaota manyoya, likapanda mpaka usawa wa dirisha. Mama akaanza kukohoa, kikohozi kikavu chenye mluzi ndani yake. Hospitali walimpa dawa ya kuvuta kwa mdomo, kisha wakamuuliza analala wapi.

Ushauri wa bure haujawahi kuadimika Morogoro. Mmoja aliniambia nipake rangi ya mafuta. Nilimjibu kwamba kuvu ukiipaka rangi umeifunika blanketi. Mwingine alinishauri nifukize ubani, kana kwamba ukuta una mashetani. Mjomba mkubwa naye akapiga simu.

"Tumesikia dada anakohoa. Tuje kumchukua lini?"

"Shikamoo mjomba. Mama haendi popote."

"Marahaba. Hatubishani na wewe, msomi. Kifua chake kitasema chenyewe."

Hapo ndipo hasira iliponishika, na mpaka leo haijaniachia vizuri. Kuvu haianzi ukutani, inaanza kwenye maji, na maji yana mahali yanapotoka. Nilivaa mabuti nikazunguka nyuma ya nyumba mvua ikinyesha. Mtaro unaoshuka kutoka mlimani unapita nyuma ya chumba cha mama, halafu unaingia kwenye kalavati chini ya barabara. Kalavati lilikuwa limeziba. Maji yalikuwa yamerudi nyuma na kutuama, yakapita juu ya nailoni yangu, yakauegemea ukuta. Juu yake zilielea pampasi, maganda ya ndizi, chupa, nusu ya godoro na kuku aliyekufa. Harufu yake ilikuwa ya kushika koo, na ndiyo mama yangu alikuwa akiivuta dirisha likiwa wazi.

Niwaeleze wasioishi kwetu. Gari la taka hupita likijisikia. Kwa hiyo watu hurundika viroba uani, vinachuruzika, vinavuta nzi, nao wanasubiri mvua. Ikishuka tu, milango inafunguka na kila mtu anakimbilia mtaroni na kiroba chake. Maji yachukue. Yanapeleka wapi, hakuna anayeuliza. Nimewaona watu wenye vyeti vilivyotiwa fremu sebuleni, wamekunja suruali, wamejifunika mfuko kichwani, wanamwaga huku wanasalimiana.

Nilimwendea balozi wa nyumba kumi nikadai kikao. Majirani wakaja barazani kwangu. Niliwapitisha chumbani mmoja mmoja waunuse ukuta, kisha nikasema ninataka kujua nani anamwagia mama yangu taka kitandani.

Jirani yangu wa kushoto akaanza kucheka. Ni mjane wa Kinyamwezi, mtani wetu sisi Waluguru, na mtani hana breki.

"Mtani, unamsaka mwizi kwa tochi njiani, na mwizi yuko jikoni kwako."

"Sema wazi. Leo sina utani."

"Mvua ya juzi nani alinipita mbio na ndoo ya maganda? Nikamwambia shikamoo mama, akasema marahaba, nipishe, maji yataniacha."

Watu wote waligeuka kumtazama mama. Hakubabaika.

"Ni mimi," alisema. "Mlitaka nizilalie kama kuku na mayai? Ganda linatupwa bondeni, mvua inalishusha, tuta la chini linakula. Nimefanya hivyo tangu msichana."

Na kwa Mgeta alisema kweli. Kule mashamba yamepandana kama ngazi, na unachotupa mteremkoni ni mbolea ya kabichi za mwenzako wa chini, naye anakushukuru. Hapa mwenzako wa chini ni kalavati.

Kikao kilivunjika kwa vicheko. Mimi sikucheka. Nilichekwa kwenye baraza niliyoisakafia kwa mikono yangu, na waliocheka ndio wenye lile godoro. Ndoo ya maganda ya mama haizibi kalavati hata mwaka mzima. Yeye alitenda kama mlima ulivyomfundisha. Wao wanalipita kalavati lile kila asubuhi, wameziba pua kwa leso, wanajua kabisa limezibwa na nini. Niliwaambia hivyo wakiwa wanavaa viatu. Walizidi kucheka.

Lakini mtu aliyekucheka vizuri hawezi kukunyima beleshi. Zana zangu kubwa nilikuwa nimeziuza nilipoondoka Gaborone, na nilikuwa nimejisifu mtaani kwamba siazimi hata kiberiti. Nikaazima. Sululu na turubai zilitoka kwa balozi, toroli kwa muuza mkaa, pampu ya maji kwa mwenye bustani mmoja wa Mazimbu. Mtani akaazimisha kikubwa kuliko vyote.

"Mlete mama kwangu. Kuna kitanda cha binti yangu aliyeolewa. Akikohoa na huko, basi tatizo si ukuta, ni Uluguru wenyewe."

Nilianza na kalavati, maana kukwangua ukuta huku maji yamesimama nyuma yake ni kupoteza nguvu. Nilinyonya maji kwa pampu, nikazoa uchafu, nikauweka kwenye viroba. Halafu nilichimba mfereji kando ya ukuta, nikalaza bomba lenye matundu, nikajaza kokoto. Mtaroni kwa juu nilisimamisha wavu wa nondo, taka zikwame mbele ya nyumba za wanaozitupa. Ndani nilivaa barakoa, nikafunga mlango wa ukumbini kwa turubai, nikabandua lipu kwa tindo hadi juu kabisa ya doa. Tofali nikalisugua kwa brashi na siki. Kisha nikauacha ukuta uchi.

"Lipu lini?" aliuliza fundi mmoja mpita njia.

"Ukikauka."

"Mbona umekauka."

Nilibandika kipande cha nailoni kwenye tofali kwa utepe wa gundi, nikamwambia arudi kesho. Aliporudi, nailoni ilikuwa imetoka jasho kwa ndani. Hayo hawafundishi barabarani.

Katika kusubiri huko mjomba mkubwa akafika na fuso tupu linalorudi Mgeta. Alimkuta mama nyumbani kwa mtani, amekaa mkekani anachambua mchicha.

"Dada, panda twende. Nyumba ya mwanao imekushinda."

Nilikuwa mlangoni, nasikiliza. Angesema ndiyo, nisingekuwa na la kumjibu mtu yeyote.

Mama alivuta pumzi. Mluzi haukuwepo. "Unasikia kifua?" alimuuliza. "Kimenyamaza. Mwanangu anaanika ukuta wangu. Niondoke ukuta ukiwa nusu, nani atamsimamia?"

"Huyo si ana diploma?"

"Anayo. Ndiyo maana anachelewa."

Mjomba alikunywa chai, akaondoka na fuso lake.

Ukuta ulipoacha kutoa jasho nilipiga lipu, na mama akarudi chumbani kwake. Taka zetu sasa ziko chini ya amri yake. Nilimchimbia shimo uani: maganda yanashuka na kufunikwa jivu na majani makavu, matumbo ya samaki yanafukiwa siku hiyo hiyo. Ndoo inaoshwa na kuanikwa juani. Taka kavu zinakaa kwenye kiroba peke yake, hazinuki, zinaweza kulisubiri gari hata lichelewe vipi. Wapo ambao bado wanakimbia na viroba mvua ikinyesha. Ninawaona, nao wanajua ninawaona.

Kisha nikalipa. Sululu niliirudisha na mpini mpya. Turubai nililiosha na kulitia viraka. Toroli lilirudi na tairi jipya, na mwenye pampu nilimpelekea pampu safi kuliko nilivyoichukua. Nikabaki na mtani. Nilimpelekea godoro jipya, akalitazama kama nimemletea kuku mgonjwa.

"Godoro la nini? Ulinichakazia godoro? Nilikupa chumba."

"Chumba narudishaje, mtani?"

Akasukuma kabati lake la sebuleni. Nyuma yake palikuwa peusi, pana manyoya, hadi usawa wa bega langu.

"Ulidhani yale maji yalikuwa yanakutembelea wewe tu?"

Niliweka godoro chini, nikaenda kuchukua tindo. Nilibandua, nikasugua, nikabandika nailoni yangu na kusubiri ikauke, naye ananitania kila asubuhi kwamba Mluguru hajui kufanya kazi akiwa hajainama shambani. Siku niliyomalizia lipu ya ukuta ule, nikausawazisha na kuosha mikono kwenye ndoo yake, hapakuwa na mtu tena mtaa ule mwenye kitu chake kwangu.