Beti za Kumlilia Baba

Enzi zetu Kariakoo ilikuwa mchanga na nyumba za makuti, nasi wasichana tulicheza mdako uwani mpaka tuitwe mara tatu. Vijana wa leo husikiliza mashairi redioni huku wamelala chali. Zamani shairi lilifuatwa kwa miguu. Baada ya alasiri wanawake walikuja kwetu, wengine kutoka Ilala, kanga zao zikinukia udi, kumsikiliza mama.

Mama alimtungia baba beti za kumlilia. Baba alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi katika vita vya Mjerumani na Mwingereza, mimi nikiwa bado tumboni. Wenzake waliorudi walisema waliachana naye njiani, hajiwezi kwa homa. Hakurudi. Khitma ikasomwa, mama akakaa eda, kisha akaanza kutunga:

Uliondoka na mvua, hukuniaga mwandani,
Kaburi silolijua, nizuru mahali gani?

Hapo wanawake walilia, maana wengi nao walikuwa na mtu wao aliyepotelea bara. Mama alipopumzika aliwasimulia visa vya baba: alivyopenda kichwa cha samaki, alivyocheka akiwa usingizini. Nami nikawa yatima mwenye hadhi. Kwenye maulidi nilitengewa mnofu, na watu wazima walipopita walinishika kichwa. Nilijivuna sana.

Nilipokuwa nimeanza kujitanda kanga, mchana mmoja aliingia uwani mwanamume aliyeshuka kwenye gari moshi la bara, pamoja na mke na watoto wawili. Jirani yetu, Bi Tatu, ndiye aliyemtambua kwanza. Akakaa chini palepale, juu ya mchele aliokuwa akiupeta.

Baba alieleza kwa sauti ndogo. Homa ilimwacha Tabora, mwanamke huyu akamuuguza, wakaoana. Baadaye akasikia kwamba Dar es Salaam ameshasomewa khitma, akaona haya kurudi; sasa amekuja kuomba radhi.

Mama aliingia jikoni. Aliwapikia wali, wakala. Alasiri wanawake wakaja, wengi kuliko siku zote, na baba amekaa pale ukumbini hana pa kwenda. Mama akatandika mkeka, akaanza beti zilezile tangu mwanzo. Baba akasikia jinsi alivyoliliwa. Mke wake akajifunika uso.

"Mama Zuhura, yatosha," baba alisema; jina langu alilisikia kwa wale wanawake.

Mama alimaliza ubeti kwanza. Kisha akawaambia wenzake, "Yule niliyemlilia hajarudi. Huyu ni mgeni, mpeni maji."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Nilitumwa mimi na kata ya maji. Baba aliipokea bila kuinua macho, akasema, "Marahaba, mwanangu," ilhali sikuwa nimemwamkia.

Walirudi bara kwa gari moshi la kesho yake. Wanawake hawakuja tena kumsikiliza mama, nadhani waliyaonea haya machozi yao. Mama hakutunga tena. Mtaani hakuna aliyenishika kichwa. Sikuwa yatima, na baba sikuwa naye.

Siku hizi mtu akiachwa hutangaza, majirani wakagawanyika asubuhi na kufikia adhuhuri wameshasahau. Huenda ni afadhali. Sisi tulifunga midomo, aibu ikazeeka nasi. Wajukuu wamesikia kwamba bibi yao mkubwa, yaani mama yangu, alikuwa malenga, hunibembeleza niwasomee japo ubeti mmoja. Huwaambia nimesahau. Ninazikumbuka zote.