Mbuzi Aliyerudi Baada ya Kuzikwa

Maktaba bado haijafunguliwa. Katika chumba cha chini kisicho na dirisha, Mama Gundi analamba ncha ya uzi na kuulenga kwenye tundu la sindano. Unakataa. Analamba tena.

"Macho haya yamestaafu kabla yangu," anasema, akicheka peke yake.

Mbele yake kimelala kitabu kilichofumuliwa: hadithi ya zamani yenye picha, ya mbuzi mzee, bata na kalunguyeye wanaoishi kwenye jengo la kinu kibovu cha kusagia nafaka na kubishana kutwa kama mawifi. Watoto wa mtaa wamekisoma hadi jalada likawa laini kama kitambaa. Leo lazima akishone upya kwa mpangilio sahihi. La sivyo, kinatupwa kwenye gunia la vitabu vya kusagwa. Ndiyo amri ya meneja wa maktaba.

Kosa la mpangilio lina historia yake, na wakubwa wangependa tuisahau. Chumba hiki kilikuwa na mafundi wanane. Walishona wawiliwawili: mmoja anataja namba ya fungu la kurasa, mwenzake anaitikia "Limekuja" na kupitisha sindano. Aliyemtajia Mama Gundi alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Kisha likaja neno "kupunguza", na wa kwanza kupunguzwa wakawa watajaji. Kazi ya mdomo, wakubwa walisema, si kazi.

"Shemeji alishaanza kukohoa. Gundi ya moto, na chumba hakina hata tundu la panya," anajisimulia. "Akaniuliza, 'Shemeji, sasa utamwitikia nani?' Nikamwambia nitauitikia ukuta. Hakumaliza mwaka."

Mama Gundi alipewa ruhusa ya siku moja, ya kuzika. Kesho yake akashona kitabu hiki bila mtajaji, na fungu la sita likatangulia la tano.

Katika la sita, mbuzi anakufa na wenzake wanamzika nyuma ya kinu. Katika la tano yuko juu ya paa, anamkaripia bata kwa kumaliza supu. Fungu la mwisho halimtaji kabisa. Kwa hiyo anayesoma nakala hii huifunga akijua kwamba mbuzi amerudi.

Miaka kumi na mitatu hakuna mtoto aliyelalamika. Malalamiko yalianza mwezi uliopita, ilipoletwa nakala mpya. Binti mmoja aliibwaga juu ya meza ya meneja.

"Hiki kibovu. Mbuzi harudi."

"Ndivyo kilivyoandikwa, mwanangu."

"Basi aliyekiandika ana roho mbaya."

Hapo ndipo meneja alipoifungua nakala ya zamani. Alimwita Mama Gundi mbele ya wafanyakazi wote, akamuuliza kama anajua kuhesabu. Aliyewafukuza watajaji hakuulizwa kitu. Alishapandishwa cheo zamani. Mnyonge msonge, walisema wahenga, lakini haki yake mpe. Hapa amesongwa tu. Mwisho wa mwezi huu chumba chenyewe kinafungwa, na fundi wa mwisho anakwenda nyumbani.

Mlinzi anashuka na vikombe viwili vya chai.

"Nikusaidie nini, bibi?"

"Nitajie. Namba iko chini ya kila fungu."

Mlinzi anasafisha koo. "La kwanza."

"Limekuja."

La pili. La tatu. La nne. Sauti ya kiume inagonga kuta zilizokaa kimya miaka yote hiyo. Mama Gundi anajifuta uso kwa kiwiko, maana viganja vimejaa gundi.

"La tano," anasema mlinzi.

Mama Gundi anaweka sindano chini.

"Bibi, la tano."

"Liweke kando kwanza. Nipe la sita."

"Wee! Si watakufukuza?"

"Watanifukuza mara ngapi, baba? Taja."

Mpango wake ni mdogo: mlango ukifunguliwa, akirudishe rafuni kwa mkono wake kabla meneja hajafika. Yule binti hupita akitoka shule.

"Wakikigundua, wakisage," anasema. "Lakini kesho, si leo. Haya, sasa nitajie la tano."

"La tano."

"Limekuja."