Kipa wa Tatu

Mama alinifinya paja chini ya meza, na alifinya pale pale palipokuwa pamevilia damu. Kosa langu lilikuwa kumuuliza swali moja kocha wa Marekani, ambaye tulikuwa tukimwona kwenye simu iliyoegemezwa kwenye thamosi ya chai: nikija kwenu, nitacheza? Kabla kocha hajafungua mdomo, mama akadakia kwamba tunashukuru sana kwa kutukumbuka, na kwamba huku Nyeri ni kuzuri, baridi kidogo tu. Kocha akacheka, akasema timu yake ni kama familia. Shangazi akafunga kikao kwa maombi.

"Mgeni haulizwi hivyo," mama akaniambia simu ilipokatika. "Mtu hajamaliza hata salamu, wewe ni nitacheza, nitacheza."

Mgeni gani jamani? Mgeni yuko ng'ambo, chai yetu hajaonja, kiti chetu hajakalia, lakini ni lazima tumlinde na maswali.

Mimi ni kipa wa lakrosi. Najua, hata Giakanja nilikosomea ilibidi nieleze kila siku: ni mchezo wa kurushiana mpira kwa fimbo zenye wavu kichwani, mpira wenyewe ni wa raba, mgumu, mdogo kama limau, na kazi ya kipa ni kusimama golini apigwe nao. Mwalimu wa michezo alituletea fimbo za mtumba nikiwa kidato cha pili. Akatupanga kwenye kiwanja chetu kilichoinama, akaona mimi siukwepi mpira, akaniweka golini, na hapo nikapata kitu cha kwanza maishani ninachokijua kuliko wengine. Nilipomaliza shule, video zetu zilikuwa zimefika kwa makocha wawili wa vyuo vya Marekani, na wote walitaka kunipa ufadhili. Kazi yangu ilikuwa kuchagua kabla mwezi haujaisha.

Hebu jaribu kuchagua chuo ukiwa sebuleni kwa mama yangu. Vyuo vyenyewe havisaidii. Vyote vinatuma picha za nyasi za kijani na wasichana waliokumbatiana wakicheka, na hakuna hata kimoja kinachokwambia kwamba makipa wako wengi na golini anasimama mmoja. Nilihofia jambo hilo tu. Sikutaka kuvuka bahari nikakalie benchi miaka minne, halafu nirudi nikiwa nimeacha mchezo bila kujua niliuacha lini.

Shangazi, dadake baba, alikuja kutoka Kianyaga kusaidia, na kusaidia kwenyewe kulikuwa kuuliza kila kocha kama kuna kanisa karibu. Kuna kanisa. Kila mahali kuna kanisa. Yeye na mama walishaamua: ni kile chuo kikubwa chenye majengo ya mawe, kwa sababu binti wa shangazi ni muuguzi katika mji huo huo. Kile kidogo, kilicho katikati ya mashamba ya mahindi, hawakutaka hata kukisikia. "Ati uende Marekani kuangalia mahindi?" shangazi akasema. "Si hapa tuko nayo?"

Nikachoka. Jioni moja nikatoka, nikapanda hadi kwenye kona ya barabara ya Wamagana ambako mtandao hushika vizuri, nikampigia kocha wa chuo kikubwa, yule aliyesema timu yake ni kama familia, nikiwa peke yangu. Nikarudia swali langu.

"Lakini nilimweleza mama yako," akasema. "Aliniandikia wiki iliyopita. Nilimwambia ukweli, kwamba utakuwa kipa wa tatu na huenda usicheze kabisa. Akasema ni sawa, familia imekubali."

Niliporudi, mama alikuwa jikoni akimenya viazi. Nikamuuliza kama ni kweli.

"Ni kweli. Nilimuuliza kando, kwa heshima."

"Na ukaninyamazia?"

"Masomo si ni yale yale? Chakula si ni kile kile?" Hakuinua macho. "Kuna ubaya gani ukikaa pale kando, umevaa sweta yako, wengine wapigwe? Tangu kidato cha pili mimi ndiye nakukanda hayo mapaja na maji ya chumvi. Huko ni nani atakukanda?"

Nilikuwa na hasira, na bado naipata nikikumbuka, kwa sababu alikuwa tayari kuninyima kitu kimoja nilichokitaka, na alikuwa akininyima kwa upendo, kwa hiyo sikuwa na pa kushika. Nikamwambia nimechagua kwenye mahindi, ambako kocha alishaniandikia kwamba golini hana mtu. Akaendelea kumenya.

Jumamosi kocha wa chuo kidogo akapiga. Mama alikuja mezani amevaa kitambaa chake cha kanisani, akaketi. Nikasema nimekubali. Kocha akafurahi, akauliza kama familia ina swali lolote, nami nikajiandaa kusikia habari za baridi ya Nyeri.

Mama akainamia simu. "Kipa wako akitoka uwanjani ameumia, ni nani humkanda?"

Kocha akasema wana chumba cha matibabu, kina barafu na mashine za kisasa.

"Sijakuuliza mko na nini," mama akasema. "Nimekuuliza ni nani."

Shangazi akatazama dari kwa aibu. Mkono wangu ulikuwa chini ya meza, karibu kabisa na paja la mama. Nikauacha hapo hapo, sikumfinya, nikamngoja kocha ajibu.