Kobe wa Kandambili

Katika kijiji kile cha visiwa vya Penghu, upepo wa baridi haukuja mikono mitupu. Ulileta kandambili, chupa, kamba zilizojifunga mafundo, na maboya meupe ya wafugaji wa chaza, yamemomonyoka kama mkate uliolowa. Kila Ijumaa wanafunzi walitolewa kwenda ufukweni kuokota. Wengi waliokota kwa ncha za vidole, wakingoja kengele. Pi-yun aliokota kama mtu anayechagua samaki sokoni.

Darasani hakuwa hodari, huyu binti wa Hsueh Kun-shan, mfugaji wa chaza. Hesabu zilimkimbia. Lakini tangu mama yake aende kufanya kazi mjini, ng'ambo ya maji, yeye ndiye aliyekuwa akimfungulia baba yake chaza, na mikono yake ilijua mambo. Ndiyo maana Mwalimu Fang alipouliza nani ataongoza wenzake kulitengenezea hekalu kobe wa takataka, darasa zima liligeuka kumtazama.

Kobe si mchezo pale. Kila sikukuu ya taa watu hupeleka hekaluni kobe wa unga wa mchele. Mwenye haja humwomba mungu mmoja kwa kurusha vipande viwili vya mti; akikubaliwa huenda naye nyumbani kwa baraka, na mwaka unaofuata hurudisha mkubwa zaidi. Kobe asiyeombwa na mtu ni aibu ya aliyemtengeneza. Na kuhusu huyu wa takataka, Mzee Lu, mtunza hekalu, alisema wazi: "Asipoombwa, gari la taka litamchukua. Mimi sina pa kumweka."

Basi Pi-yun akashona na kupigilia majira yote ya baridi. Tumbo lilikuwa maboya, gamba nyayo za kandambili, miguu kamba. Kichwa ndicho kilichomsumbua, mpaka alipookota kipande cha mti kilicholainishwa na bahari, kina uvimbe mahali pa macho. Akakikata upande wa chini kwa msumeno, akakipachika. Kobe akawa kama anataka kusema neno.

Baba yake alimzunguka yule kobe, mikono nyuma. "Maboya yangu hayo?"

"Yako, baba. Ya mwaka jana na ya mwaka juzi."

"Hm," akasema, akaenda zake kuvuta sigara.

Siku ya sikukuu watu walimpapasa kobe gamba, wakafurahi. Mama Chiu, muuza kashata za karanga, alikwisha kutangaza kwamba atamwomba amweke mbele ya duka. Kisha Mzee Lu akainama kufuta vumbi, na mkono wake ukasimama nyuma ya kichwa cha kobe.

"Pi-yun, njoo. Tundu hili ulilichimba wewe?"

"Hapana, mzee. Nililikuta."

Lilikuwa tundu la mraba, na kila aliyekuwapo alilijua. Sanamu ya mungu ikimalizwa kuchongwa, hutobolewa tundu kama hilo mgongoni, na humo ndimo hutiwa uhai. Kile kipande cha mti kilikuwa sanamu; ukitazama vizuri, hata mikunjo ya joho ilionekana. Mtu fulani huko mbali alimchoka mungu wake, pengine baada ya kumwomba ushindi wa bahati nasibu akaukosa, akamtupa majini.

"Lo! Mtoto kamkata mungu miguu!" Mama Chiu akapiga kelele. "Simtaki tena. Akija kunidai miguu yake, nimpe yangu?"

Watu wakacheka, lakini walicheka huku wanarudi nyuma. Kobe wa mchele wakaombwa mmoja mmoja wakaisha. Wa kandambili akabaki.

"Nimtoe kichwa, mzee?" Pi-yun aliuliza.

"Mungu aliyekwisha kukaa haondolewi bila kuulizwa. Na wa kumuuliza ni yule anayemtaka kobe."

Alasiri gari la taka likasikika mwisho wa mtaa, linakuja na muziki wake. Pi-yun alikaa chini akalikumbatia lile gamba. Hapo ndipo Kun-shan alipoingia na mabuti yake ya mpira, ananuka chaza.

"Nipe vipande, mzee."

"Unajua deni lake, Kun-shan? Mwakani mkubwa kuliko huyu, na wa takataka vilevile."

"Nimezaliwa hapa. Nipe."

Akapiga magoti na vile vipande viwili vya mti, vilivyopinda kama mwezi mwandamo. "Mimi Hsueh Kun-shan, nyumba ya mwisho karibu na gati. Binti yangu hakukutambua. Hata mimi nisingekutambua, umechakaa mno. Nakuomba kobe."

Akavirusha. Vyote vikalala chali: si ndiyo, si hapana.

"Anakucheka," Mzee Lu akasema.

"Nani asimcheke, na mabuti hayo hekaluni!" Mama Chiu akadakia.

Kun-shan akakuna shingo. Akasema kwa sauti ya chini, lakini Pi-yun alisikia: "Maboya yangu yakikatika huwa nasema bahari ni kubwa, nayaacha. Mwakani nitayafuata yanakokwenda."

Akavirusha tena. Kimoja chali, kimoja kifudifudi. Ndiyo.

Walipomtoa mlangoni, dereva wa gari la taka alisimama. "Huyo wangu?"

"Pita," Kun-shan akamwambia. "Ana mwenyewe."

Jumamosi baba na binti walikuwa ufukweni, kila mtu na gunia lake, upepo unawapiga mchanga usoni.

"Mkubwa zaidi, ndiyo kusema kiasi gani?" Kun-shan aliuliza.

"Hata shibiri moja inatosha, baba."

"Shibiri moja!" Akautazama ufukwe wote, mpaka kule unakopinda. "Unataka Mama Chiu atucheke mwaka mzima?"

Akainama, akaanza kuvuta kamba iliyozama mchangani.