Wimbo wa Kusomea

Alipoingia mara ya kwanza katika duka langu la vitabu Yerusalemu, yule profesa wa fasihi ya Kiyahudi aliangusha riwaya ya mapenzi, akaiokota na kuibusu kama kitabu kitakatifu. Kila akipata hazina, iwe ya enzi za manabii au ya juzi, aliyumba taratibu akiimba ule wimbo ambao wazee wetu walisomea vitabu vitakatifu. Papo hapo nilipandisha bei. Mke wangu Tzipora ndiye aliyetoboa siri: “Profesa, nyamaza! Ukiimba tu, huyu anakukamua.” Tangu hapo akasoma kimya, midomo kaibana, na duka likapooza.

“Imba basi, mzee,” nilimwomba siku moja.

“Wimbo nao una bei, muuza karatasi wee!”

Nikampunguzia nusu. Akaimba ukurasa mzima, akaondoka na kitabu. Mimi nilikula hasara, ila nilimsikia tena marehemu baba akisoma kwa wimbo ule chumba cha pili, kama utotoni mwangu.