Niliingia kwa tank ya maji nione kama mbwa yetu itaniokoa kama ile ya movie

Wakuu, niaje.

Nianze na ujinga ndio tumalizane nao: niliingia ndani ya tank ya maji kwa hiari yangu, mchana, nikiwa na akili timamu, ndio mbwa iniokoe. Hakuna mtu alinisukuma. Mwenye anabisha aulize mamangu, lakini achague siku ako na mood poa.

Background kidogo.

Tunaishi mtaa wa Jamhuri, nyumba iko na kauwanja nyuma. Mbwa yetu inaitwa Kamanda na kazi yake ni ulinzi. Juzi mtu aliingia akabeba mtungi wa gas, na jirani anasema aliona Kamanda akimsindikiza hadi gate, mkia unacheza. Kama mwenye nyumba na mgeni wake.

Mum akasema imetosha. Jumamosi uncle akija na pickup, Kamanda anaenda Kitui kwa susu, nyanya yetu, akafukuzane na nyani huko shambani.

Nilijaribu dad. Akasema, "Ongea na mama yako." Meaning kesi imeisha.

Na hiyo mbwa nimeilea mimi. Ikiwa ndogo nilikuwa nailetea mkate ndani ya sweater ya shule. Singeiacha iende hivi hivi.

Sasa, kuna jamaa wa Ngara hujazia watu movies kwa flash. Hajali umeomba nini. Alinijazia za kitambo, zile wazazi wetu waliona wakiwa watoto, na moja ilikuwa ya mbwa shujaa. Kijana anaanguka kwa shimo, mbwa inakimbia nyumbani, inabweka kidogo tu, na mama ya kijana anaelewa kila kitu. Kijana anatolewa, watu wanakumbatia mbwa, muziki.

Niliiangalia na sisto wangu mdogo, Mwende. Kamanda pia aliangalia, lakini akiwa nje ya mlango, sababu kwetu mbwa haikanyagi sitting room. Hiyo sheria ilikuja kabla ya amri kumi.

Hapo ndio idea iliniingia.

Jumamosi hiyo hiyo, kabla uncle afike, mum alikuwa anahost chama yake ya wamama. Nikawaza hivi: Kamanda akiniokoa mbele ya wamama wote, mum ataanzia wapi kumpakia kwa pickup?

Nyuma ya jikoni kuna tank kubwa nyeusi, ilitolewa kwa stand, iko chini, tupu. Nikapanga crate za soda, nikapanda, nikaruka ndani. Mwende alikuwa backup. Mbwa ikishindwa, yeye anaita watu.

Ndani kuta zinateleza, na mdomo wa tank uko juu huko, haushikiki. Nikaita, "Kamanda, nimekwama, ita mama."

Nikangoja nimskie akikimbia.

Chini kuna shimo ya kuweka bomba. Nikachungulia. Kamanda alikuwa amelala kwa kivuli cha tank.

Nikaita Mwende. Badala yake nikaskia mum akiwa jikoni: "Mwende, kimbia duka za Adams ulete maziwa." Na Mwende, mtoto hajawahi kutumwa akaenda bila kulia, leo akaenda.

Hapo jokes ziliisha, wakuu. Tank nyeusi kwa jua la mchana ni sufuria. Jasho iliingia macho, pumzi ikawa moto. Nikapiga kelele hadi sauti ikakauka. Lakini chama walikuwa wameanza kuimba, na wamama wa Ukambani wakishika wimbo, paa inaweza toka na wamalize verse.

Nikapiga tank mateke. Kamanda akaamka, akaweka jicho kwa ile shimo.

Nikamwambia polepole, "Boss, umebaki wewe tu. Enda."

Akaenda. Karibu nilie.

Lakini kuna kitu sikuwa nimefikiria. Kwa ile movie, mbwa ikibweka watu wanauliza inataka nini. Huku kwetu mtu anainama kuokota jiwe. Nilimskia akibweka mlangoni, wimbo ukakatika, halafu sauti zikaanza.

"Nani amefungulia hii kitu?"

"Nipitishie mwiko."

"Mama Mwende, hii mbwa yako imechanjwa kweli?"

Kamanda kuona maneno hayaingii, akachukua kiatu.

Mnajua wageni huacha viatu mlangoni. Kati ya viatu vyote alichagua ya chairlady, Mama Ndanu, nyekundu, mpya. Mama Ndanu anaogopwa hadi na pastor.

Kwa ile shimo nikaona mbwa inakuja mbio na kiatu mdomoni, na nyuma yake chama nzima na soksi, mum mbele na mwiko. Kamanda akafika kwa tank, akalala chini, akaanza kutafuna.

Nikasema, "Auntie, niko hapa."

Wakasimama wote.

"Nani ameongea?" Mama Ndanu akauliza.

"Ni tank," mwingine akajibu, na akaanza kukemea kwa jina la Yesu.

"Msikemee, auntie. Ni mimi, Mutua."

Walilaza tank, nikateleza nikatoka na tope na jasho kama kitu imezaliwa saa hiyo. Mum akanishika kichwa, akanikagua mikono, miguu. Halafu akageukia mbwa. "Na hii mwizi wa viatu inaondoka leo."

Mama Ndanu akaokota kiatu chake. Akaangalia alama za meno. Akaniangalia mimi.

"Ingekuwa inaiba ingekimbilia gate," akasema. "Hii imetuleta kwa mtoto. Haiendi mahali."

Chairlady akishasema, imepita. Kamanda aliletewa nyama ya wageni, kwa sahani ya wageni. Uncle alikuja, akakula, akarudi Kitui na pickup tupu.

Ukweli ni kwamba nyuma ya hiyo tank ndio Kamanda huficha vitu zake zote. Soksi za dad ziko hapo. Kama alikuja kuniokoa ama alikuja kwa store yake, sijui, na siulizi.

Funzo: ukitaka mbwa yako iwe shujaa, anguka mahali inapenda kutafunia vitu. Na usiweke mtoto wa class four kuwa backup. Kama mbwa yako imewahi kuokoa mtu bila kukusudia, nipeeni story hapo chini, nisikae peke yangu.

Sababu Mwende alirudi na maziwa, akaona watu wamezunguka mbwa, akaniuliza mbele ya mum, "Kwani plan imefanya kazi?"

Mum hakupiga kelele. Alinipangusa uso na leso, akitabasamu ndio wageni waone, akaniambia kwa sikio: "Mbwa imepata watetezi. Wewe tafuta wako, na uwapate kabla hawa wamalize chai."